Asili ya Maandiko ya Kiebrania: Ushahidi wa Magombo ya Yeremia

Wanaojadili chimbuko la Maandiko ya kale ya Kiebrania aghalabu hujipanga pande mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba kila kitabu kilitoka kikiwa kamili mkononi mwa yule ambaye jina lake limehusishwa nacho: Torati kwa Musa, Yeremia kwa Yeremia. Wapo pia wanaojinasibu na sayansi, ambao nyuma ya kila muujiza huona tukio la maumbile: mlipuko wa volkano ya kisiwa cha Thera huwa ndio nguzo ya moto, na mafuriko ya Bahari Nyeusi, yaliyopendekezwa na William Ryan na Walter Pitman mwaka 1997, huwa ndiyo gharika ya Nuhu. Pande hizi hurushiana maneno makali, lakini usomaji wao ni mmoja. Zote huichukulia matini kama taarifa ya shahidi mmoja. Zinachogombea ni nini hasa alichokiona shahidi huyo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba chimbuko la maandiko haya linaloweza kuchunguzwa limo katika kazi ya vizazi vya waandishi walionakili, wakaongeza na kupanga upya, na kwamba kazi hiyo imeacha alama zinazoonekana hadi leo.

Tuanze na maelezo ya kimaumbile, kwa kuwa ndiyo yanayowavutia wengi. Mwaka 1957 Greta Hort alianza kuchapisha uchambuzi mashuhuri wa mapigo ya Misri. Kwa maelezo yake, mto Nile ulifurika kupita kiasi ukaleta udongo mwekundu na viumbe vidogo vilivyoua samaki. Samaki waliooza wakawafukuza vyura majini. Vyura wakafa kwa kimeta, na kimeta kikaingia kwenye mifugo. Pigo moja likazaa jingine. Ni hoja iliyofumwa kwa ustadi, ila imefumwa juu ya mpangilio wa kitabu cha Kutoka peke yake. Zaburi ya 105 inayataja mapigo hayo kwa kuanza na giza, ambalo katika Kutoka ni pigo la tisa, na haitaji kabisa majipu wala tauni ya mifugo. Zaburi ya 78 inawatanguliza inzi kabla ya vyura. Maana yake ni kwamba Israeli ya kale ilikuwa na masimulizi kadhaa ya mapigo, na waliokusanya Maandiko hawakuona haja ya kuyalinganisha. Mfuatano wa mapigo kumi ni kazi ya fundi wa masimulizi. Kuutafutia sababu za kibiolojia ni kumpa mto sifa anayostahili mtunzi.

Lakini je, tuna ushahidi wowote wa mkono wa waandishi hao, au nasi tunabuni tu kama wenye volkano? Swali hili ni halali. Tangu Jean Astruc alipotenganisha masimulizi ya Mwanzo kwa kufuata majina ya Mungu mwaka 1753, hadi Julius Wellhausen alipoipa nadharia ya vyanzo vya Torati sura yake maarufu mwaka 1878, uhakiki ulitegemea dalili za ndani ya matini: gharika ya siku 40 hapa, maji ya siku 150 pale, wanyama wawili wawili katika sura ya 6, wanyama safi saba saba katika sura ya 7. Dalili hizi ni nzito, ila vyanzo vyenyewe hakuna aliyewahi kuvishika mkononi. Kwa kitabu cha Yeremia hali ni tofauti. Tafsiri yake ya kale ya Kiyunani ni fupi kuliko matini ya Kiebrania iliyozoeleka kwa takriban sehemu moja kati ya saba, na unabii dhidi ya mataifa, ambao katika Kiebrania umewekwa karibu na mwisho, katika Kiyunani umo katikati ya kitabu. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jepesi: mfasiri alifupisha. Kisha yakaja magombo ya Qumran, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947. Katika pango la nne, lililofunguliwa mwaka 1952, kilipatikana kipande kidogo cha ngozi cha karne ya 2 KK, chenye sehemu ya sura ya 10 kwa Kiebrania, na matini yake ni ile fupi. Ndani ya pango hilohilo yalikuwamo pia magombo ya Yeremia yenye matini ndefu. Matoleo mawili ya kitabu kimoja, lugha moja, pango moja.

Tuitazame sura hiyo ya 10 kwa karibu. Katika matini ndefu, dhihaka dhidi ya sanamu inakatizwa mara kwa mara na sifa za Mungu: sanamu ni mti uliokatwa msituni na kupigiliwa misumari usitikisike, kisha, ghafla, hakuna aliye kama Bwana, kisha tunarudi kwa fundi, fedha na dhahabu. Katika matini fupi mistari ya 6 hadi 8 na wa 10, ambayo kwa sehemu kubwa ni mistari ya sifa, haimo, na dhihaka inakwenda moja kwa moja. Msomaji yeyote mwenye sikio la utunzi atahisi kwamba sifa hizo zimepachikwa, pengine na mwandishi mcha Mungu ambaye hakuvumilia kuandika habari za sanamu mfululizo bila kumtukuza Mungu wake. Katika sura ya 27 matini fupi inasema vyombo vya hekalu vitapelekwa Babeli. Matini ndefu inaongeza kwamba siku moja vitarudishwa, jambo ambalo kwa aliyeandika baada ya uhamisho lilikuwa habari njema iliyokwisha kutimia. Na kitabu chenyewe hakifichi desturi hii. Sura ya 36 inasimulia jinsi mfalme Yehoyakimu alivyolikata gombo kwa kisu cha mwandishi, kurasa tatu au nne kila mara, akalitupa motoni. Baruku, karani wa Yeremia, akaliandika upya, na mengi ya namna hiyo yakaongezwa.

Watetezi wa mwandishi mmoja wana majibu mawili yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mnakili aliyechoka huruka mistari, hivyo matini fupi ni matini iliyopungua. Kuruka mistari kupo, na baadhi ya tofauti zinaelezeka hivyo. Ila jicho linaloruka haliokoti dhihaka na kuacha sifa kwa mpangilio, wala halihamishi mistari: katika Kiyunani, mstari wa 9 wa sura hiyohiyo umeingia katikati ya mstari wa 5. Jibu la pili ni la kiakiolojia. Mwaka 1979 Gabriel Barkay alichimbua makaburi ya Ketef Hinnom, Yerusalemu, akapata hirizi mbili za fedha za mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 6 KK, zenye maneno ya baraka ya makuhani inayosomeka katika Hesabu 6. Wengi walishangilia kwamba Torati imethibitishwa. Kilichothibitishwa ni kwamba baraka ile ni ya kale. Hirizi si kitabu. Na katika mojawapo baraka hiyo ni fupi kuliko ilivyo katika Hesabu, yawezekana kwa ufinyu wa nafasi, yawezekana kwa kuwa ndivyo ilivyotamkwa. Linganisha na Wayahudi wa Elephantine nchini Misri, walioandika mwaka 407 KK kwa gavana wa Yuda wakiomba msaada wa kulijenga upya hekalu lao. Kumbukumbu la Torati linaamuru sadaka zitolewe mahali pamoja tu, lakini waraka wao hauonyeshi hata chembe ya haya. Ukimya, ni kweli, si ushahidi kamili. Hata hivyo, waraka ulioomba kibali cha kutoa sadaka za kuteketezwa nje ya Yerusalemu, kutoka kwa watu waliokuwa wameshamwandikia kuhani mkuu wa huko, unafahamika kwa shida ikiwa amri hiyo tayari ilikuwa inatambuliwa na Wayahudi wote.

Limebaki pingamizi la waumini, nalo lina sura mbili. Mkristo anaweza kuhofu kwamba kitabu kilichokua hakiwezi kuwa ufunuo. Mwanahistoria hana kipimo cha ufunuo. Anachoweza kusema ni kwamba, kama ufunuo ulikuwapo, ulipitia mikono ya wanakili, na hilo halimzuii yeyote kuamini. Msomaji Mwislamu, kwa upande wake, anaweza kuona hapa ushahidi wa upotoshaji, hoja ambayo Ibn Hazm wa Cordoba aliijenga kwa kina katika karne ya 11 kwa kuorodhesha migongano ya Torati. Ibn Hazm alikuwa msomaji makini, na migongano mingi aliyoiona ipo. Lakini upotoshaji unahitaji nakala safi ya awali iliyoharibiwa, na magombo ya Qumran hayaonyeshi nakala ya namna hiyo. Yanaonyesha matini ndefu na fupi zikihifadhiwa pamoja na jamii iliyoziheshimu, bila dalili kwamba yeyote aliona ameibiwa kitabu chake.

Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha sasa umehama. Sura ya 33 ya Yeremia, kuanzia mstari wa 14 hadi wa 26, ina ahadi kwamba Daudi hatakosa mrithi katika kiti cha enzi wala Walawi hawatakosa kuhani. Mistari hiyo 13 haimo katika tafsiri ya kale ya Kiyunani. Anayeshikilia kwamba kitabu kiliandikwa na mtu mmoja kikiwa kamili, kisha kikapunguzwa, aanzie hapo: atueleze ni mwandishi gani wa Kiyahudi angeikata kwa makusudi ahadi ya Daudi.