Tulivyojifunza Kufuma Vitambaa

Ndugu msomaji, kwingine katika kitabu hiki utasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tumeombwa na kamati tuandike habari za ufumaji, maana ukiingia nyumba nyingi za wanachama hapa Nyasho utakuta vitambaa juu ya makochi, juu ya meza, hata juu ya televisheni, na wageni huuliza tulijifunzia wapi. Tulijifunza wenyewe kwa wenyewe, na tulijifunza kwa hasara.

Wengi wetu tulisoma darasa la saba wakati wa UPE, ule mpango wa elimu kwa wote ulioanza mwaka 1977. Madarasa yalijaa, vifaa hakuna. Somo la Sayansi Kimu lilikuwepo, lakini uzi wa kutosha darasa zima ungetoka wapi? Sindano tulichora kwenye daftari. Mama zetu ndio waliobahatika kidogo, maana baada ya Uhuru walikuwepo mabibi maendeleo waliopita kufundisha akina mama mapishi, malezi na ushonaji, na UWT nayo ilianzishwa mwaka 1962. Katika kikundi chetu alikuwepo bibi mmoja aliyefundishwa na bibi maendeleo alipokuwa msichana. Kusoma hajui, lakini sindano haikumtoka mkononi. Huyo ndiye akawa mwalimu wetu.

Siku ya kwanza tulicheka sana, tulidhani ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Sindano ya kufuma vitambaa ni moja tu, ina kidoano kwenye ncha, siyo zile mbili za kufumia masweta. Unaanza na fundo linalolegea, unavuta uzi kupitia kitanzi, unapata kitanzi kingine, tena na tena mpaka unapata mnyororo. Kwa macho ni rahisi, lakini wapi! Wenzetu waliozoea jembe walikaza uzi mpaka sindano ikakataa kuingia. Bibi alikuwa akisema, "Wanangu, huo ni uzi, siyo kamba ya mbuzi." Mnyororo tu ulituchukua wiki mbili.

Baada ya mnyororo unageuka na kurudi, na hapo ndipo penye shida. Tulianza na mishono 20, tukifika mstari wa kumi tunabaki na 13, kitambaa kimekuwa pembetatu. Kumbe mshono wa mwisho wa kila mstari hujificha pembeni, mwanafunzi anauruka bila kujua. Bibi alitufundisha kuchomeka pini kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho, na kuhesabu kila mstari kabla ya kugeuka. Ukikosea unafumua mpaka ulipokosea. Hakuna kuficha, kwa sababu mshono uliopotea chini utaonekana juu.

Mwaka wa tatu tukajiona mafundi. Mfanyabiashara mmoja aliagiza seti tano za makochi, kila seti vipande 12. Tulichukua mkopo kwenye kikundi tukanunua uzi mweupe, tukagawana kazi kila mtu nyumbani kwake. Tulipokusanya vile vipande 60 tuliona aibu. Hesabu ya mishono ilikuwa sawasawa, kila kipande tulikihesabu, lakini vingine vilikuwa kama sahani na vingine kama kisosi. Mteja alitazama, akasema hapokei. Alikuwa na haki.

Jambo linalofuata hatupendi kuliandika, lakini historia ni historia. Tulikaa kikao tukamlaumu bibi. Tulisema ametufundisha mambo ya zamani, na mtu asiyejua kusoma atatufundishaje hesabu. Yeye hakujibu. Alikunja kazi yake, akaondoka, na Alhamisi iliyofuata hakuja kuweka hisa. Wenzetu wawili walitaka sanduku livunjwe kila mtu achukue chake.

Aliyetufumbua macho ni mume wa mwanachama mmoja, mvuvi wa Mwigobero. Alisema zamani wazee waliposuka nyavu kwa mkono walitumia kibao kupimia jicho la wavu ili macho yote yawe sawa, akauliza sisi tunapimia nini. Tukaleta sindano zote mezani. Kumbe nyingine zilikuwa za milimita moja na nusu, nyingine mbili na nusu! Halafu mikono nayo haifanani, huyu anakaza, yule analegeza. Bibi alitufundisha wote tukiwa chumba kimoja, tukipokezana sindano zake. Kugawana kazi majumbani bila kupima ulikuwa uamuzi wetu.

Tulikwenda kwake watu sita, tukamwamkia, tukaomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Vile vitambaa mmevifumua?" Hatukuwa tumevifumua. Akatuambia tuvilete. Tulifumua mwezi mzima, tukaufua uzi na kuutundika unyooke, na mkopo tukaulipa kidogo kidogo kwa kuuza dagaa na maandazi. Wale wawili waliotaka kuvunja sanduku, mmoja alihama kikundi, mwingine ndiye mweka hazina wetu leo.

Baadaye tukaja kusoma kwamba hatukuwa wa kwanza kutafutia riziki kwenye sindano hii. Kule Ireland, ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 na njaa kubwa ikafuata, watawa na akina mama wengine walifundisha wanawake kufuma kroshia, na vitambaa vyao viliuzwa mbali, pesa ikanunua chakula. Na tuseme jambo kwa wateja wetu wanaopenda kupunguziwa bei: sweta linaweza kufumwa na mashine, lakini kroshia, hata ile inayouzwa madukani, imefumwa na mkono wa mtu. Seti moja kwetu ni kazi ya wiki tatu za jioni.

Siku hizi kabla ya kuanza seti yoyote kila mfumaji hufuma kipande cha majaribio, mishono 20 kwa mistari 10, tunakipima kwa rula mbele ya wote. Asiyelingana hubadilisha sindano, siyo mkono. Bibi macho yamepungua, lakini hupitisha kidole kwenye ukingo na kukwambia mshono umeruka wapi.

Wanaoanza tunawapokea kila Jumamosi saa tisa alasiri, hata wasio wanachama. Njoo na sindano yako, uzi wa kujifunzia upo, ni ule ule tulioufumua, bado haujaisha.