Kioo cha Warumi na Ushanga wa Pwani Yetu

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, chakitaja kioo pamoja na dhahabu, kati ya vitu visivyolingana na hekima. Msikilizaji wa Masasi, azionaye chupa tupu zimezagaa njiani, huenda akashangaa. Lakini zamani zile kioo kilikuwa mali ya wakuu. Fundi alizungushia kioo kilichoyeyuka juu ya kiini cha udongo, kikapoa, kisha akakikwangua kile kiini. Na baada ya taabu hiyo yote apate kichupa kimoja cha manukato!

Malighafi yake ni nyonge: mchanga wenye chokaa ya makombe, na magadi ya Misri. Plinio, mwandishi Mrumi, asimulia mabaharia walioinjika vyungu juu ya mabonge ya magadi ufukoni, wakaona kioo kinatiririka. Hadithi tamu; ila mama yeyote wa Newala ajua kwamba moto wa mafiga hauyeyushi mchanga. Kazi hiyo yataka tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi.

Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mafundi wa Siria na Palestina waligundua kupuliza. Mabaki ya kazi yao yamefukuliwa hata Yerusalemu. Fundi alitia pumzi yake katika bomba, na bonge la moto likavimba, likawa chombo mara moja. Kilipozwa polepole kisipasuke, na vigae vya vilivyovunjika viliyeyushwa upya. Strabo aeleza kuwa mjini Roma kikombe cha kioo kilipatikana kwa sarafu moja ya shaba.

Na kwetu? Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, chataja mawe ya kioo ya namna nyingi yaliyoletwa pwani yetu hadi Rhapta. Wageni wakaondoka na pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa karibu na delta ya Rufiji.

Biashara ya namna hiyo ilidumu. Katika karne ya 19 ushanga wa Venice ulipanda bara na misafara, na pamoja na nguo ulinunua pembe, ukanunua na watu. Kitu kilichokuwa rahisi kwa aliyekitengeneza kilihesabiwa badala ya mtoto wa mtu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi, kutoka Unguja, watu waliokombolewa katika utumwa huo. Vitukuu vyao wangaliko.