Safari za Ukoo Wetu: Tangu Pepo za Kaskazi Hadi Tikiti ya Ndege



Kabla ya kupima faida na taabu za kusafiri ukoo mzima kwenda ng'ambo, yafaa tukumbuke kwamba kwa wazee wetu jambo hili halikuwa geni. Majahazi yalishuka kutoka Sur na Maskati kwa pepo za kaskazi, aghalabu baina ya Disemba na Machi, yakileta tende, chumvi na papa mkavu. Yakarejea kusi ilipoanza, yakichukua boriti na karafuu. Aliyefika Unguja hakuwa na hiari ya kukaa siku tatu. Upepo ulimzuia kwa miezi, na katika miezi hiyo ndoa zilifungwa, madeni yakalipwa na waliohasimiana wakapatanishwa. Faida kubwa ya safari zile ilikuwa muda.

Taabu nazo hazikukosekana. Watu walibanana, maji ya kunywa yakagawiwa kwa kipimo, na marehemu bibi yangu akipenda kusema kuwa tabia ya shemeji hujulikana baharini. Wala kufika hakukuwa ndiko kupatana. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866. Aliporudi mwaka 1885, kaka yake, Seyyid Barghash, alikataa kumpokea. Meli ilimfikisha bandarini, haikumfikisha nyumbani.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalitutawanya. Wengine walikimbilia Mombasa na Dar es Salaam, wengine Uingereza na nchi za Ghuba. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 23, 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warejee, wengi wetu tulihamia Maskati. Kwa miaka mingi safari zetu zikawa za upande mmoja: watu waliondoka, zikarudi barua.

Leo ndege hutoka Maskati hadi Unguja kwa saa tano hivi, lakini vikwazo vingine vimezuka. Shule za Uingereza hufungwa mwishoni mwa Julai, wakati nauli zimepanda. Ramadhani na Idi hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka, basi tarehe iliyotufaa mwaka huu haitufai baadaye. Watu wa babu mmoja wana pasipoti za nchi tatu, na viza ya mmoja ikichelewa, ishirini humngojea. Watoto wa London husema Kiingereza, wa Maskati Kiarabu. Kiswahili ndicho kiungo chao, nacho kinapungua. Hata hivyo, nimewaona siku ya tatu barazani wakiulizana majina ya samaki, na hakuna mwalimu aliyewaamuru.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zote mbili zatuhusu. Mwenyeji hatapona iwapo wageni arubaini watamwachia yeye na binti yake jiko lote na gharama za soko.

Kwa hiyo napendekeza mkutano ujao uwe Unguja, wa wiki mbili kamili. Kila nyumba ichange kwa kadiri ya uwezo wake, na zamu za jiko zipangwe kabla ya kuondoka. Wazee wetu waliobaki huko hawawezi tena kupanda ndege, sisi tunaweza. Tukikutana kwengineko tutakuwa wengi, lakini hatutakuwa sote.