Siku mpira wa yai ulipoingia Sheikh Amri Abeid

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha una jina la mshairi, na nyasi zake zimezoea mpira wa duara. Jumamosi ya Mei 21, 2011, ulichezewa hapo mpira wenye umbo la yai. Vijana waliovaa helmeti na kinga za mabega waliukumbatia kifuani na kukimbia nao, huku wenzao wakiwazuia kwa miili yao. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya chuo kikuu cha Marekani kucheza mchezo huo, futiboli ya Kimarekani, barani Afrika.

Wageni hao walitoka Chuo Kikuu cha Drake, mjini Des Moines, katika jimbo la Iowa. Kocha wao, Chris Creighton, alikabidhiwa timu mwaka 2008. Drake haimo kwenye ligi za fedha nyingi. Inacheza Ligi ya Pioneer, ambako mchezaji halipiwi ada kwa sababu ya mpira. Anakuja kusoma, na jioni anafanya mazoezi. Wapinzani wao Arusha walikuwa wachezaji teule wa CONADEIP, umoja wa vyuo binafsi vya Mexico.

Mchezo wenyewe hauna siri kubwa. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu inapewa nafasi nyingine nne, na ikishindwa wapinzani wanapata zamu. Mkulima wa Karatu anayelima kwa maksai ataelewa upesi: shamba huisha kwa tuta moja baada ya jingine. Drake walishinda 17 kwa 7. Baada ya mechi walifanya kazi za kujitolea, kisha wakaupanda Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Msimu ulipoanza kwao mwezi Septemba, walishinda mechi tisa kati ya 11 na kugawana ubingwa wa ligi yao na San Diego.

Kwetu Karatu, kilomita 140 hivi kutoka uwanja ule, kwenye njia ya kupandia lango la Ngorongoro, habari hii ina uzito wake. Vijana wa Mexico walikuja kucheza mlangoni petu miaka 43 baada ya mtu wa nyanda hizi kukimbia kwao. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico. Hakutoka barabarani. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akamaliza wa mwisho.

Miaka mitano na kitu baadaye, Februari 2, 1974, kijana aliyezaliwa Karatu, Filbert Bayi, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake.

Mechi ya siku moja haioteshi mchezo. Drake walikuwa na kitu kilichowangoja nyumbani: darasa, kiwanja, na mwalimu anayerudi kila jioni. Hicho ndicho cha kujifunza kutoka kwao, na Bayi alikielewa vizuri. Alipoacha kukimbia alianzisha shule, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha, na michezo ikawekwa pamoja na masomo. Mtoto wa Rhotia au wa Endabash, hapa Karatu, ana miguu na mapafu ya milimani. Kinachobaki ni sisi watu wazima kumpa kiwanja kilichosawazishwa, na mwalimu wa kusimama naye hapo hadi jua lizame.