Muhogo wa Amani

Leo twataka kusimulia habari za muhogo, na jinsi watu walivyoupigania usiangamie. Kwetu sisi muhogo ni akiba iliyo ardhini. Mvua ikikosa na mahindi yakanyauka, mwenye shamba la muhogo hutwaa jembe lake akachimba, na watoto wakala.

Mmea huu si wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaenea polepole hata ukafika kwetu. Lakini adui aliukuta huku. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Warburg, aliandika habari za ugonjwa ulioonekana upande wa Usambara: majani ya muhogo hujikunja, yakawa na mabaka ya manjano, na mizizi hubaki midogo. Ndio ugonjwa uitwao batobato.

Batobato hubebwa na inzi weupe, wadogo sana. Tena huenezwa na mkono wa mkulima mwenyewe. Maana muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na kipande cha shina gonjwa huota pamoja na ugonjwa wake.

Katika milima ya Usambara pana mahali paitwapo Amani, palipowekwa kituo cha uchunguzi wa kilimo mwaka 1902. Hapo, katika miaka ya 1930, Bwana Storey na Bwana Nichols walianza kutafuta muhogo uwezao kuushinda ugonjwa huo. Mihogo ya kawaida haikuwatosha. Basi wakamwendea ndugu yake, yaani mpira, mti ule ambao majani yake hupikwa pwani kuwa kisamvu. Walichukua unga wa ua la mmoja wakautia katika ua la mwingine. Miche iliyozaliwa ilikuwa na nguvu mbele ya batobato, lakini mizizi yake ilikuwa myembamba, haifai kuliwa. Wakaichanganya na muhogo mara ya pili, na ya tatu, mpaka mizizi ikanenepa na ile nguvu ikabaki. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na wengine waliipokea wakaiendeleza.

Baadaye mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Uzao wake ulitumiwa katika miaka ya 1970 na wataalamu wa Ibadan, nao wakapata mihogo yenye nguvu na mazao mengi.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali kupita ile ya kwanza ilizuka Uganda. Mashamba yaliharibika, na watu waliotegemea muhogo wakaona njaa. Ndipo mihogo iliyotoka Ibadan ilipopandwa huko katika miaka ya 1990, na chakula kikarudi. Hivyo kazi iliyoanzwa Amani ilirejea Afrika ya Mashariki baada ya miaka hamsini na zaidi, wakati ilipohitajiwa.

Twajifunza nini? Kwamba dawa ya njaa haitafutwi siku ya njaa. Wale wa Amani hawakuijua njaa ya Uganda, walakini walitunza mbegu na kuandika waliyoyaona. Nasi tunayo sehemu yetu: tusikate vipande vya kupanda kabla ya kutazama majani. Shina lenye mabaka tuling'oe, tusimpe jirani. Tuchague lililo safi. Akiba ya ardhini huanzia katika kipande hicho kimoja.