Mwanga Kama Matini: Meza ya Taa na Kumbukumbu ya Jukwaa

Wahakiki wa tamthilia wamezoea kuyachambua maneno ya wahusika na kuwaachia mafundi suala la mwanga. Hata hivyo, historia ya mitambo ya taa inadhihirisha kwamba mwanga nao una matini yake, na kwamba matini hiyo ni rahisi kupotea.

Ukumbi wa Savoy, London, ulianza kutumia taa za umeme mwaka 1881. Kwa miongo mingi baadaye, mwanga uliongozwa kwa mikono. Katika kumbi za Broadway, New York, mafundi kadhaa walisukuma kwa pamoja vishikio vya kupunguzia umeme. Maagizo yao yaliandikwa karatasini, lakini wepesi au uzito wa mkono haukuandikika. Mwaka 1947, George Izenour alijenga katika Chuo Kikuu cha Yale mtambo wa kielektroniki uliowezesha hali kadhaa za mwanga kupangwa mapema.

Mageuzi makubwa yalitokea mwaka 1975, Tharon Musser alipoiletea Broadway meza ya taa yenye kumbukumbu ya kompyuta, LS-8, katika mchezo wa *A Chorus Line*. Mchezo huo unahusu wachezaji ngoma wanaosailiwa ili wapate kazi, na mwanga ndio unaotenganisha usaili wenyewe na fikra zao za siri. Kwa meza ya namna hii, kila badiliko hupewa nambari, na viwango vya taa huhifadhiwa chini yake. Mitambo iliyofuata ilihifadhi pia sekunde za badiliko na mifululizo ya taa zinazowaka kwa zamu. Mchezo ulioonyeshwa mara 6,137 hadi mwaka 1990 ulihitaji uthabiti wa aina hiyo.

Hata hivyo, mtambo haukumwondoa binadamu. Unakumbuka kiwango cha mwanga, ilhali wakati wa kuubadilisha huamuliwa na msimamizi wa jukwaa anayefuatilia pumzi ya mwigizaji.

Aidha, usahihi huo una gharama. Karatasi ya fundi wa zamani ingali inasomeka kwa yeyote aliye na macho. Diski ya meza iliyoacha kutengenezwa aghalabu haisomwi na mtambo mwingine. Kwa hiyo, mhakiki anayetaka kuijua tamthilia jinsi ilivyoonekana hana budi kuitafuta matini ya mwanga mapema, kabla meza iliyoihifadhi haijatupwa.