Nani Anamlipa Mshauri? Historia ya Mashirika ya Ushauri wa Madeni Yasiyolenga Faida Nchini Marekani, 1951–2007

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya mashirika ya ushauri wa madeni yasiyolenga faida nchini Marekani, tangu mwaka 1951 hadi 2007. Hoja kuu ni kwamba msaada ambao familia zenye madeni zilipata kwa mashirika hayo ulitegemea sana chanzo cha mapato ya shirika, na si nia njema ya mshauri peke yake. Insha inaeleza namna mpango wa ulipaji wa madeni unavyofanya kazi, inafuatilia jinsi mashirika yalivyokengeuka katika miaka ya 1990, na inajadili sheria zilizotungwa ili kuyarudisha katika lengo lake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hii humhimiza mdaiwa atimize wajibu wake, lakini inaacha maswali mawili bila majibu: dawa hiyo inywewe kwa kipimo gani, na ni nani mwenye haki ya kuipima? Nchini Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 20, kazi ya kupima ilikabidhiwa kwa kiasi kikubwa mashirika ya ushauri yaliyosimama kati ya mdai na mdaiwa. Mshauri aliketi na familia, akapitia kipato na matumizi yake, kisha akazungumza na wadai kwa niaba yake. Mshauri huyo alihitaji mshahara, na familia iliyomwendea haikuwa na fedha za kumlipa. Insha hii inaitazama historia ya mashirika hayo kupitia swali hilo la malipo.

2.0 Asili ya Mashirika

Kabla ya mashirika haya kuenea, familia iliyolemewa na madeni ilikuwa na njia chache. Iliweza kumbembeleza kila mdai peke yake, kwenda mahakamani kuomba itangazwe kuwa imefilisika, au kuwatumia mawakala wa biashara waliopokea fedha za mdaiwa na kuzigawa kwa wadai wake kwa ujira. Mawakala hao walilalamikiwa kwa kujikatia ujira wao kwanza, kabla ya mdai yeyote kulipwa. Mdaiwa aliweza kutoa fedha kwa miezi kadhaa na bado akabaki na deni lilelile, au kubwa zaidi kwa sababu ya riba iliyoendelea kujilimbikiza.

Majimbo kadhaa yaliipiga marufuku biashara hiyo. Jimbo la Kansas liliiruhusu kwa wanasheria tu, na mfanyabiashara aliyeiendesha kwa jina la Credit Advisors akaipinga sheria hiyo. Katika shauri la Ferguson dhidi ya Skrupa, lililoamuliwa mwaka 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kuwa kupima hekima ya sheria ya namna hiyo ni kazi ya bunge la jimbo, si ya majaji. Hukumu hiyo, iliyoandikwa na Jaji Hugo Black, iliyapa majimbo uhuru wa kuwafungia mlango mawakala wa faida. Pengo lililobaki lilikuwa fursa kwa mashirika yasiyolenga faida.

Mashirika hayo hayakutokana na wadaiwa wenyewe. Taasisi ya kitaifa inayojulikana leo kama National Foundation for Credit Counseling ilianzishwa mwaka 1951 kwa msaada wa wakopeshaji na wafanyabiashara wa rejareja. Lengo lake la awali lilikuwa kuelimisha umma kuhusu matumizi ya busara ya mikopo. Baadaye ilisaidia kuanzisha ofisi za ushauri katika miji mbalimbali. Wadai walikuwa na sababu ya wazi ya kufanya hivyo. Mtu akitangazwa kufilisika, deni lisilo na dhamana huweza kufutwa na mdai akaambulia patupu. Mdaiwa anayelipa kidogokidogo ana manufaa zaidi kwa mdai kuliko mdaiwa aliyefutiwa. Hivyo basi, tangu mwanzo mashirika haya yaliwekwa mahali ambapo maslahi ya pande mbili yalikutana, ingawa hayakulingana kila wakati.

3.0 Namna Mpango wa Ulipaji Ulivyofanya Kazi

Huduma ya shirika ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ushauri wenyewe: kuorodhesha mapato, kodi ya nyumba, chakula, nauli na madeni yote, kisha kutengeneza bajeti. Familia nyingine zilihitaji hilo tu. Ya pili ilikuwa mpango wa ulipaji wa madeni, uliohusu madeni yasiyo na dhamana, hasa ya kadi za mkopo. Familia ililipa kiasi kimoja kila mwezi kwa shirika, nalo likakigawa kwa wadai wote. Kwa upande wao, wadai walikubali kupunguza riba, kusamehe baadhi ya faini na kuacha kusumbua kwa simu. Kwa kawaida mpango ulichukua miaka mitatu hadi mitano.

Mfano wa kubuni unaweza kuonesha uzito wa jambo hili. Tuchukue familia yenye deni la dola 10,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, inayomudu kulipa dola 250 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 200, na ni dola 50 tu zinazopunguza deni. Familia hiyo itamaliza kulipa baada ya takriban miezi 82, ikiwa imetoa zaidi ya dola 10,000 za riba. Riba ikishushwa hadi asilimia 8, malipo yaleyale yatamaliza deni katika miezi 47 hivi, na riba yote haitafika dola 1,700. Familia haikuongezewa kipato hata senti moja. Kilichobadilika ni masharti, na masharti hayo ni vigumu kuyapata bila msemaji anayeaminiwa na wadai.

Mapato ya shirika nayo yalitoka katika malipo hayohayo. Wadai walilirudishia shirika sehemu ya kila fedha iliyowafikia, sehemu iliyoitwa mgawo wa haki, ambayo kwa muda mrefu iliweza kufikia asilimia 15. Utaratibu huu uliwezesha familia kuhudumiwa bure au kwa ada ndogo. Hata hivyo, ulikuwa na kasoro ndani yake. Shirika lilipata fedha pale tu familia ilipoingia katika mpango. Familia iliyofundishwa bajeti ikaenda zake haikuleta mgawo. Familia ambayo hali yake ilihitaji ulinzi wa mahakama, na ikaambiwa hivyo kwa ukweli, haikuleta mgawo pia.

4.0 Msamaha wa Kodi na Masharti Yake

Kwa miongo kadhaa kasoro hiyo ilizuiwa kwa sehemu na sheria ya kodi. Mwaka 1969 mamlaka ya kodi ya Marekani ilitoa uamuzi kwamba shirika lililosaidia watu wa kipato cha chini wenye matatizo ya kifedha, likaelimisha umma na kuendesha mipango ya ulipaji bila kutoza ada, lilistahili msamaha wa kodi kama shirika la hisani na elimu. Mwaka 1978, katika shauri lililofunguliwa na shirika la ushauri la Alabama, mahakama ililegeza sharti hilo. Ilikubali kuwa ada ndogo, isiyozidi dola 10 kwa mwezi na inayosamehewa kwa asiyeweza kulipa, haiondoi sifa ya hisani. Jambo lililoipa mahakama uhakika ni kwamba takriban asilimia 12 tu ya muda wa washauri ilitumika katika mipango ya ulipaji. Muda uliobaki ulikuwa wa elimu na ushauri.

Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba mpango ni tawi na elimu ndiyo shina. Miaka ishirini baadaye, katika mashirika mengi mapya, tawi lilikuwa limemeza shina.

5.0 Kupanuka kwa Mikopo na Kukengeuka kwa Mashirika

Mwaka huohuo wa 1978, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Marquette kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo jingine riba inayoruhusiwa katika jimbo ilikosajiliwa benki hiyo. Benki zilihamishia shughuli za kadi katika majimbo yasiyo na ukomo wa riba, na mikopo ya kadi ikawafikia hata watu ambao zamani wangekataliwa. Mwaka 1996 maombi ya kufilisika ya watu binafsi yalivuka milioni moja kwa mara ya kwanza.

Wingi wa wadaiwa ulivutia aina mpya ya mashirika. Haya hayakuwa na ofisi mtaani. Yalijitangaza kwenye televisheni na intaneti, yakawapokea wateja kwa simu katika mazungumzo mafupi, na kuwaingiza wengi wao moja kwa moja katika mipango. Wakati huohuo wadai walipunguza mgawo wao, na pengo la mapato likahamishiwa kwa familia kwa njia ya ada. Mfano uliojulikana zaidi ni AmeriDebt ya Maryland. Tume ya Shirikisho ya Biashara iliishtaki mwaka 2003 ikidai kuwa ilijiita shirika lisilolenga faida huku ikinufaisha kampuni za faida zilizohusiana nayo, na kwamba malipo ya kwanza ya mteja yalichukuliwa kama ada badala ya kupelekwa kwa wadai. Lawama waliyobebeshwa mawakala wa kabla ya 1963 ilikuwa imerejea, safari hii chini ya jina la hisani.

6.0 Marekebisho ya 2005–2006

Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ilisikiliza ushahidi mwaka 2004 na kutoa ripoti yake mwaka 2005. Mwezi Mei 2006 mamlaka ya kodi ilitangaza kuwa ilikuwa imekamilisha ukaguzi wa mashirika 41, yaliyoshika zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya sekta nzima, na kwamba yote yalikabiliwa na kufutiwa msamaha au hatua ya namna hiyo. Agosti mwaka huo sheria mpya ilizuia mashirika kumnyima mtu huduma kwa sababu hana ada au hataki mpango, na kuyakataza kukopesha wateja kwa riba au ada. Ilitaka pia bodi ziwakilishe maslahi ya umma. Aidha, baada ya kipindi cha mpito, mapato yanayotoka kwa wadai kupitia mipango hayakupaswa kuzidi nusu ya mapato yote. Kwa mara ya kwanza sheria iligusa moja kwa moja swali la nani anamlipa mshauri.

Hata hivyo, sheria ya kufilisika iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2005 ilileta utata mwingine. Ilimtaka kila anayeomba kufilisika apate ushauri ndani ya siku 180 kabla ya kufungua ombi. Ripoti ya Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya mwaka 2007 ilibaini kuwa manufaa ya sharti hilo hayakuwa dhahiri, kwa kuwa wengi walifika kwa mshauri wakiwa hawana tena njia nyingine isipokuwa mahakama. Ushauri unaokuja baada ya hiari kwisha hugeuka kuwa cheti tu.

7.0 Manufaa kwa Familia

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba ushauri ulikuwa ulaghai mtupu. Elliehausen, Lundquist na Staten, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliwalinganisha wakopaji waliopata ushauri wa mtu kwa mtu na wengine wasioupata. Waliona kuwa walioshauriwa walikuwa na hali bora zaidi ya mikopo miaka mitatu baadaye, hasa wale walioanza wakiwa na hali duni. Watafiti hao walitahadharisha kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya watu wanaojitafutia msaada wenyewe. Pamoja na tahadhari hiyo, matokeo yao yanaafikiana na hoja ya mahakama ya 1978, kwamba elimu na mazungumzo ya kweli yana thamani yake hata bila mgawo wa mdai.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa mshauri wa madeni aliweza kuipatia familia masharti ambayo isingeyapata peke yake, na kwamba uwezo huo ulitokana na ukaribu wake na wadai. Ukaribu huohuo ndio uliomweka katika hatari ya kusahau anamtumikia nani. Kanuni za 2006 hazikuondoa mvutano huo, ziliuwekea mipaka. Kwa Afrika Mashariki, ambako mikopo ya simu imeingia katika kaya nyingi, mtafiti atakayechunguza huduma za ushauri wa madeni hana budi kuanza na vitabu vya hesabu vya shirika kabla ya kusoma dira na malengo yake. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mgonjwa ana haki ya kujua nani anamlipa mganga.